Mvua ya Mkia

Oktoba 3
Kesho kikao cha utabiri wa msimu. Blauzi nimeshapiga pasi, ramani nimeshakunja. Mume wangu ameniuliza, "Mtabiri, nichukue mwavuli?" Utani huohuo kila asubuhi tangu tuoane. Nimemwambia aulize redio.

Oktoba 4
Kichwa kinaniuma na hasira zimenijaa hadi kooni. Ngoja niandike, ili mwakani nikisoma nisijiulize nilikasirikia nini.

Kikao chetu ni hivi. Watabiri wote tunazunguka meza moja, ramani iko ukutani, na kila eneo lazima litiwe kwenye kapu moja kati ya matatu: mvua chini ya kawaida, kawaida, au juu ya kawaida. Hatupigi kura. Tunaafikiana, maana yake tunabishana mpaka anayebisha achoke. Mkuu wa kitengo chetu hachoki. Ofisi nzima tunamwita Bwana Kawaida, na nadhani anajua. Ukisema mvua zitakuwa haba, anakohoa na kusema, "Tusiwatishe wananchi." Ukisema zitakuwa nyingi, anakohoa vilevile. Mwisho wa yote kila kitu kinaangukia kapu la katikati, ambako hakuna wa kulaumiwa.

Leo niliwaonyesha dhoruba za kusini ya mbali, zile za nchi za baridi, zinazosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima bila kutuuliza. Njia yao imesogea kusini zaidi. Na ule ukanda mkavu ulio kati yao na sisi, ambako hewa inashuka badala ya kupanda, umepata nafasi ya kujitanua. Niliwaambia wafikirie benchi: wa mwisho akisogea, wa katikati anajitandaza, na anayekuja kukaa upande huu anakuta hakuna pa kukaa. Anayekuja ni ukanda wetu wa mvua, unaoshuka kutoka kaskazini. Utachelewa.

Nikaongeza jingine. Mara mojamoja dhoruba ya kule huachia mkia mrefu unaofika mpaka huku, ukagusa unyevu wetu, mvua ikapiga siku mbili tatu. Nyuma ya mkia inakuja hewa kavu ya baridi inayousukuma ukanda wa mvua ulikotoka. Nikasema, "Tukiona mvua ya mapema, tusiishangilie. Huenda ni mkia tu."

Sikusema nina uhakika. Nilisema uwezekano ni sita kwa kumi, na katika kazi hii hiyo ni karamu.

Bwana Kawaida akakohoa. "Benchi," akasema. Watu wakacheka. Kufika saa tisa njaa inauma, mwenzangu wa kushoto akaninong'oneza, "Dada, hebu kubali twende tukale." Nikanyoosha mikono. Taarifa inasema: kawaida hadi juu ya kawaida.

Na nani ataisoma redioni? Mimi. Eti nina sauti ya kuaminika.

Oktoba 5
Nimeisoma. Fundi mitambo amesema leo nilisikika vizuri kuliko siku zote.

Oktoba 6
Dada amepiga simu akiwa na furaha tele. "Nimekusikia jana! Juu ya kawaida! Nimewaita na majirani wakusikie."

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Shamba lake ndilo lililonisomesha mpaka nikajua kusoma mawingu. Mwaka jana wadudu waliingia ghalani kwake, na mahindi ya mbegu yaliyosalia yanatosha kupandwa mara moja tu. Yakipotea ardhini, hana mengine, na wa kumpa hayupo, maana kijiji kizima kiko hivyohivyo.

Kuna kanuni kazini kwetu hata mfagizi anaijua: utabiri unatolewa kwa wote kwa pamoja. Hakuna kumpenyezea ndugu, rafiki wala mfanyabiashara. Ukikamatwa, umemwaga unga.

Nikafunga mlango wa jikoni, nikamwambia, "Dada, mvua ya kwanza ikinyesha usipande."

Akauliza, "Kwani jana ulisoma nini?"

"Nilisoma nilichopewa."

"Sasa mimi niwaambie nini majirani?"

"Usiwaambie kitu. Wewe subiri tu. Nikikupigia, ndiyo upande."

Akasema haya. Hakusema kwa moyo.

Oktoba 19
Joto. Feni ya ofisini imekufa.

Oktoba 30
Joto. Fundi wa feni amekuja, akaitazama, akaondoka nayo.

Novemba 8
Mkia umeonekana! Picha za setilaiti za asubuhi: wingu refu jembamba limejipinda kutoka kusini kabisa mpaka juu yetu. Nimemwita Bwana Kawaida aone. Amevaa miwani, amevua miwani. "Wingu zuri hilo," amesema. Nimemwambia si letu hilo, limekuja kutembea tu. Amesema mvua haina pasipoti. Ofisi imecheka. Mimi nilitamani kuitafuna kalamu.

Novemba 10
Inanyesha. Watoto wa mtaani wanacheza kwenye maji. Mume wangu amerudi ameloa chapachapa, mwavuli kauacha nyumbani, na lawama zote kanitupia mimi.

Novemba 12
Siku mbaya.

Kanuni inasema hivi: vituo vyetu vikipima milimita ishirini ndani ya siku tatu, msimu umeanza. Haiulizi mvua imetoka wapi. Vituo vimepima zaidi ya hapo. Kwa hiyo saa nne Bwana Kawaida akaleta karatasi: msimu umeanza rasmi, wakulima wanashauriwa kupanda mara moja.

Nilisimama mlangoni kwake nikakataa kuondoka. Nikamwekea picha za leo mezani. Mkia umeshapita. Nyuma yake kusini kote ni kweupe, hakuna wingu hata la dawa. Upepo umegeuka. Nikamwambia, "Mkuu, watu watazika mbegu zao kwenye mavumbi."

"Kanuni imetimia au haijatimia?"

"Imetimia, lakini..."

"Basi. Ukitaka kubadilisha kanuni, andika pendekezo, tutalijadili mwakani."

"Mwakani watu watakula pendekezo?"

Hapo akakasirika. Sijawahi kumwona akikasirika, masikio yalimwiva. "Unataka nitangaze nini? Kwamba imenyesha kweli ila binti mmoja wa ofisini anahisi haikunyesha? Sita kwa kumi zako! Na zile nne zikitokea, wewe utakuwa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo: ningekuwa kimya nyuma ya karatasi, kama nilivyo leo.

Nikaenda studio. Taa nyekundu ikawaka. Nilifikiria kuikunja ile karatasi na kusema ninachokijua. Nilifikiria pia kodi ya nyumba, na barua ya kufukuzwa, na mume wangu akiniuliza nini kilinipata. Nikasoma. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wakulima wanashauriwa kupanda mara moja.

Nikatoka nje nyuma ya jengo, nikampigia dada. "Usipande."

"Wee mtoto," akasema, "nimetoka kukusikia sasa hivi, hata redio haijapoa."

"Dada, nakuomba."

"Watu wote wako shambani. Wote. Mimi nimekaa kizingitini na mbegu zangu mapajani kama mgonjwa."

"Kaa hivyohivyo."

Novemba 15
Dada anasema majirani wanamtania. Jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, yule wanayelimiana kwa zamu tangu ujana wao, alikuja na jembe kumsaidia kupanda. Dada akamwambia mgongo unamuuma. Jirani akasema basi wewe pumzika, nitakupandia mimi. Ikabidi dada aongeze na kizunguzungu. "Umenifanya niwe mwongo uzeeni," ameniambia. Lakini alikuwa anacheka.

Novemba 21
Jua.

Novemba 26
Jua. Mahindi ya watu yameota, yana majani mawili, kijani cha kupendeza. Dada ameniuliza mara tatu kama bado nina akili timamu.

Novemba 29
Nimeamka na wasiwasi. Vipi kama nimekosea? Shamba la dada liko tupu katikati ya mashamba ya kijani, na ni maneno yangu. Ofisini nimetazama ramani za kusini hadi macho yakauma. Dhoruba bado ziko mbali. Ukanda mkavu bado umejitandaza. Nilifurahi, halafu nikaona haya. Mtu gani anafurahia ukame?

Desemba 3
Feni imerudi. Inapiga kelele kuliko upepo.

Desemba 5
Jua kali. Simu za ofisini haziishi kuita. Wakulima wanauliza msimu umekwenda wapi. Bwana Kawaida anapokea mwenyewe, moja baada ya nyingine, anaomba radhi kwa kila mtu. Sikutegemea. Nilidhani atamwachia karani.

Jioni alinikuta chumba cha ramani, akavuta kiti. Akanisimulia kwamba alipokuwa kijana kama mimi aliwahi kutangaza ukame. Alikuwa na ramani nzuri, nzuri kuliko zangu, alisema. Watu wakamwamini, hawakupanda. Ikanyesha miezi yote, mvua ya kutosha kila kitu, na mashamba yakaota magugu. "Walikuja hapo getini," akasema. "Hawakupiga kelele. Walisimama tu wananitazama. Tangu siku hiyo sijawahi kuwaambia watu wasipande."

Mwaka mzima nimekuwa nikimwona mwoga. Ni mwoga, ndiyo, lakini sasa najua uoga wake ulikotoka, na nimekosa pa kuzitupia hasira zangu. Zimebaki nami.

Desemba 13
Yamekufa. Dada anasema ukishika jani linavunjika mkononi. Jirani wa ng'ambo ya mfereji amekaa katikati ya shamba lake tangu asubuhi, hapalilii, hang'oi, amekaa tu. Dada alimpelekea maji ya kunywa.

"Ulijua," dada akaniambia. Hakuniambia kwa kunisifu.

Desemba 20
Kusini kumebadilika. Njia ya dhoruba imerudi juu kidogo, na ule ukanda mkavu umeanza kukatikakatika. Nimekagua mara mbili, nikaenda kuchota maji, nikakagua tena. Ukanda wa mvua unashuka. Bwana Kawaida ametazama na kusema tungoje kanuni itimie. Safari hii hata yeye hakukohoa.

Nimempigia dada: "Andaa shamba."

Desemba 26
Mvua. Ya kweli, ya usiku kucha, ya kutoka upande wake. Nimesimama dirishani nalia kama mjinga. Mume wangu akauliza nini tena, si ndiyo ulikuwa unaitaka? Nikamwambia ndiyo. Akaniletea kanga nijifunike, akarudi kulala.

Dada anapanda kesho. Mbegu zake zote zipo, hazijaguswa na mchwa wala jua. Nimeshinda. Nimeandika neno hilo nione linavyofanana. Kijiji kizima hakina mbegu.

Januari 2
Dada amepiga mapema, sauti imekauka. Niandike yote kama alivyonieleza.

Alipomaliza kupanda alibakiwa na mbegu kidogo. Akazitia kwenye ndoo, akavuka mfereji, akampelekea jirani yake. Yule mama alifurahi mpaka akamshika mikono yote miwili. Akamwingiza ndani, akamwekea kiti. Wakaongea mambo ya watoto. Halafu, kwa wema tu, bila nia mbaya, akauliza, "Lakini mwenzangu, wewe ulijuaje?"

Dada angeweza kusema mgongo. Ule mgongo wa Novemba ulikuwa bado upo, angeuegemea. Anasema alifungua kinywa aseme mgongo na hakuweza, mbele ya mtu aliyekufiwa na shamba zima.

"Mdogo wangu aliniambia," akasema.

"Yule wa redioni?"

"Yule."

Jirani akasema, "Yule wa redioni alituambia tupande. Nilikuwa hapahapa, nimeegemea meza hii. Nilimsikia kwa masikio yangu."

Dada akaanza kueleza mambo ya karatasi na mkuu wa kitengo. Hata yeye mwenyewe alijisikia anavyotafuta visingizio. Jirani akainuka, akaichukua ile ndoo ya mbegu, akaenda kuiweka nje ya mlango wake. Hakusema toka. Alibaki kaushikilia mlango wazi mpaka dada akatoka.

"Alikuwa hana hata punje ya kupanda," dada akaniambia. "Na zangu amezikataa."

Nikasema, "Dada, mimi nilitaka kukuokoa wewe."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukugombeza."

Januari 3
Sikwenda studio. Nimesema naumwa koo.

Januari 7
Nimemwambia Bwana Kawaida. Nilitaka anifukuze, angalau kitu kiishe. Nilisimama palepale mlangoni nikasema, mimi nilimpenyezea dada yangu, tangu Oktoba, mara kadhaa.

Alinitazama mpaka nikajihisi mtoto. Nilitegemea kanuni, barua, kamati. Akasema taratibu, "Mimi nilikosea mbele ya watu wote. Wewe ulipatia kichochoroni. Sijui kati yetu nani alale usingizi."

Halafu akasema nirudi kazini, taarifa ya saa saba haina msomaji. Afadhali angenifukuza. Nimesoma taarifa ya saa saba nikiwa nimekasirika kuliko siku ile ya benchi, na safari hii sikupata mtu wa kumkasirikia.

Januari 18
Mvua nzuri. Vituo vyote.

Januari 25
Nimeandika pendekezo la kubadilisha kanuni: kabla ya kutangaza msimu umeanza, tuangalie kusini, tuone kama mvua imekuja na ukanda wake au na mkia wa watu. Na taarifa ya kila msimu iseme na mashaka yetu, sita kwa kumi kama ni sita kwa kumi. Mwenzangu wa kushoto ameweka saini. Bwana Kawaida amelisoma, akalisoma tena, akaliwekea sahihi yake chini kabisa kwa herufi ndogo. Kikao ni Oktoba. Mpaka Oktoba!

Februari 9
Nimechukua likizo, niko kwa dada. Mahindi yake yamenifika kiunoni, meusi kwa kijani, na magugu nayo hayajambo. Kwa kawaida wangekuwamo wanawake kumi humu, wakipalilia shamba la huyu leo na la yule kesho, wanapiga soga mpaka jua linazama. Leo tuko wawili. Hakuna aliyemtukana. Wanamsalimia vizuri, wanauliza habari za nyumbani, wanapita. Zamu yake tu ndiyo haifiki.

Kwenye mashamba mengine watu wamepanda viazi na kunde, walichopata. Jirani amelima kipande kidogo, mbegu katoa kwa shemeji yake wa mbali.

Tukiwa katikati ya mstari dada akasema, bila kuacha jembe, "Mwakani ukiwa na neno ambalo huwezi kuwaambia watu wote, usinipigie."

"Na ukipoteza mbegu?"

"Nitapoteza na wenzangu. Wakati huo nitakuwa na wa kulia naye." Akang'oa gugu moja, akalikung'uta udongo. "Shamba hili siliwezi peke yangu, mdogo wangu. Hata likijaa namna hii."

Nilitaka kubisha. Kubisha ndiyo kazi yangu. Nimepalilia mpaka viganja vimetoka malengelenge.

Februari 10
Asubuhi hii, tukipalilia, jirani alipita kwenye njia ya mfereji, kabeba kuni kichwani. Nilimsalimia. Aliposikia sauti yangu alisimama. Akashusha kuni taratibu, akanitazama usoni, nadhani alikuwa anaulinganisha uso na redio yake.

"Ndiwe wewe," akasema.

"Ndimi, mama."

"Kunde zangu ziko juani, nataka kuzianua kama mvua ipo. Kesho itanyesha?"

Nilimwambia nilichoona kwenye ramani kabla sijaondoka ofisini, na nilichoona mawinguni asubuhi ile: itanyesha, jioni, ingawa huenda ikatupita ikaangukia ng'ambo ya kilima. Nilimwambia na mashaka yangu yote. Sijawahi kutoa utabiri wa kweli kuliko ule.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Akauliza kama mtu anayeuliza njia:

"Hiyo ni ya kwetu sote, au ni ya dada yako?"

Niligeuka kumtazama dada. Alikuwa ameinama, anapalilia, na hakuinua kichwa.